Mifumo Mitano ya Karata, Mtaji Sifuri: Vijana wa Kariakoo Wanauziwa Nini?

Kuna jamaa mmoja mjini hapa, jina kapuni, ambaye akipita Posta usiku utadhani maghorofa yote yale kaachiwa na babu yake. Kofia nyeusi, saa kubwa mkononi, na kila Ijumaa picha mpya akiwa nje ya kasino. Chini ya picha maneno ni yale yale: "Wenye akili hawabeti, wanahesabu." Halafu inafuata namba ya WhatsApp.

Ukimtafuta anakuingiza kwenye grupu. Kifurushi kidogo ni elfu 50, unapewa mfumo mmoja wa kuhesabu karata. Kifurushi kikubwa ni laki 2, unapewa mifumo mitano. Anakwambia kila aina ya blakijeki, yaani ule mchezo wa 21, ina mfumo wake, na anayeingia kasino na mfumo mmoja tu ni kama anayekwenda kuvua papa kwa ndoano ya changu.

Na kuna kijana wa Mtaa wa Aggrey, naye jina kapuni, muuza kava na chaja za simu. Alinunua kifurushi kikubwa. Miezi mitatu alikesha na karata mezani, anahesabu mpaka adhana ya alfajiri. Siku alipojiona kaiva, akashuka Posta na milioni 4. Milioni 2 na nusu ilikuwa pesa ya mzigo. Milioni 1 na nusu ilikuwa ya kikoba cha mama yake.

Wikiendi tatu, hamna kitu. Fremu kachukua mtu mwingine. Mama anadaiwa na wenzake kila Jumapili, na mtaa mzima unajua. Kijana alipomfuata mwalimu wake kwenye grupu, akapata jibu la mstari mmoja: "Ulitumia mfumo wa meza nyingine." Kisha akatolewa kwenye grupu.

Jibu hilo ndilo la kulishika, maana biashara nzima imejificha humo. Mifumo mitano haiuzwi ili mtu ashinde. Inauzwa ili mtu akishindwa, kosa liwe lake.

Kwanza haki itendeke. Kuhesabu karata sio ushirikina wala sio uongo. Wazee wa kijiweni wanaocheza arobastini wanahesabu turufu kila siku. Mzee anajua zimetoka ngapi, zimebaki ngapi, na nani anaficha. Hakuna anayemwita mchawi.

Kwenye mchezo wa 21 mambo ni hayo hayo. Mwaka 1962 mwalimu wa hesabu wa Marekani anaitwa Edward Thorp alitoa kitabu, Beat the Dealer, akaonyesha kwa hesabu kwamba kasino inaweza kupigwa kwenye mchezo huo. Sababu ni moja: karata zikishatoka hazirudi mpaka zichanganywe upya. Zikitoka ndogo nyingi, zinabaki kubwa. Zikibaki kubwa nyingi, mchezaji ana unafuu, kwa sababu 21 ya karata mbili za mwanzo inalipwa zaidi ya dau, na mgawaji analazimika kuongeza karata akiwa na 16, kwa hiyo anapasuka mara nyingi zaidi.

Mfumo maarufu kuliko yote unaitwa Hi-Lo. Karata ya 2 hadi 6 ikitoka, jumlisha moja. Ya 7, 8 na 9, achana nayo. Ya 10, za picha, na A, ile wazee wanaita ree, toa moja. Jumla ikipanda, pandisha dau. Ikishuka, shusha. Kama mezani kuna pakiti nyingi, unagawanya jumla yako kwa pakiti zilizobaki ili upate hesabu ya kweli. Basi. Huo mfumo mtoto wa darasa la saba anaelewa kwa jioni moja, na uko bure mtandaoni. Jamaa anauza elfu 50.

Pili, ni kweli pia kwamba mifumo iko mingi na inatofautiana. Kuna KO, ambao 7 nayo inahesabiwa jumlisha moja na huhitaji kugawanya, ila kwenye pakiti sita unaanzia kutoa 20 badala ya sifuri. Kuna Omega II, ambao 4, 5 na 6 zinahesabiwa mbili mbili, 9 ni kutoa moja, 10 na za picha ni kutoa mbili, na ree ni sifuri. Kila mmoja una sababu zake. Omega II unasaidia zaidi kuamua uongeze karata au ubaki ulipo, na faida hiyo inaonekana zaidi meza ikiwa na pakiti moja au mbili. Meza ya pakiti sita au nane, kazi kubwa ni kujua lini upandishe dau, na hapo Hi-Lo na KO zinakaribiana sana.

Kwa hiyo mwenye kofia hakudanganya kila kitu. Ndio maana ni hatari. Mwongo mtupu hana wateja Kariakoo, watu wa pale wameshaona mengi. Anayeuza Kariakoo ni yule anayechanganya mchele na pumba, ukishika juu unashika mchele.

Sasa pumba iko wapi? Chukua karata tano zimetoka kwa mpangilio huu: 7, ree, 5, 9, 4. Kwa Hi-Lo umepata jumlisha 1. Kwa KO umepanda kwa 2. Kwa Omega II ni jumlisha 4. Karata ni zile zile, majibu matatu. Mtu mwenye mfumo mmoja hana shida. Mwenye mitano kichwani, usiku wa manane, mziki unapiga, mhudumu anauliza unakunywa nini, mgawaji anakusanya karata kabla hujamaliza kuzitazama, huyo atachanganya tu. Akiiona 9 ataipa sifuri ya Hi-Lo akiwa kwenye Omega. Akikosea mara chache kwa usiku, ule ubora mdogo wa mfumo mgumu umeshaliwa wote, na chenji juu.

Mnakumbuka filamu ya 21 ya mwaka 2008? Ile iliyowafanya vijana wengi waanze kujiita wataalamu. Ilitokana na habari za timu za kweli za wanafunzi wa chuo cha MIT kule Marekani. Watu wale walikuwa vichwa vya hesabu haswa, na mfumo waliotegemea ni Hi-Lo, ule ule wa darasa la saba. Hawakushinda kwa wingi wa mifumo. Walicheza kwa timu, walikuwa na mtaji wa wawekezaji, na mtu alipimwa na wenzake kabla hajaruhusiwa kushika pesa ya timu. Kama vichwa vya MIT walitosheka na mmoja, muuza chaja wa Aggrey mitano ni ya nini?

Kitu ambacho grupu la mwenye kofia halifundishi ni hiki: meza zikitofautiana, jibu mara nyingi sio kubadilisha mfumo. Jibu ni kuondoka.

Meza inayolipa 21 ya mwanzo 3 kwa 2, dau la elfu 10 linakupa faida ya elfu 15. Meza inayolipa 6 kwa 5, dau hilo hilo linakupa elfu 12. Elfu 3 imepotea, na 21 hiyo inakuja kama mara moja kwa kila mikono 21. Tofauti hiyo peke yake inampa mwenye nyumba karibu asilimia 1.4 ya ziada, na hapo mhesabuji mzuri anapigania asilimia 1 tu. Mfumo gani utaziba shimo hilo? Hakuna.

Meza yenye mashine inayochanganya karata muda wote, karata zilizotoka zinarudishwa humo humo. Unahesabu nini? Ni sawa na kuhesabu maji ya mto. Na huu mchezo wa 21 wa kwenye simu, ambao kompyuta inaanza na karata mpya kila mkono, hapo kuhesabu ni kujichosha tu. Lakini ndani ya grupu kuna somo zima la "mfumo wa simu". Watu wanalipia, wanakaa kwenye mwendokasi kutoka Kimara hadi Gerezani wanahesabu karata ambazo hazina kumbukumbu.

Ipo michezo ambayo kweli inahitaji hesabu yake, kwa mfano Spanish 21, ambao karata za 10 zenyewe zimetolewa kwenye pakiti, zimebaki 48. Lakini kabla ya kununua mfumo wa mchezo huo, si uulize kwanza kama unachezwa hapa unapoenda? Kijana wa Aggrey alijifunza mfumo wa mchezo ambao kwenye kasino aliyoingia haukuwepo hata kwa bango.

Tuje kwenye hesabu za Kariakoo zenyewe, maana watu wa pale hawahitaji kufundishwa faida na hasara. Mtu anayeuza kava kwa faida ya shilingi 500 anajua kabisa kwamba pesa yake iko kwenye mzunguko. Basi mfumo ungeuzwa kwa lugha yake.

Tuseme kijana amekuwa mhesabuji safi kabisa, hakosei, ana unafuu wa asilimia 1, na dau lake la wastani ni elfu 10. Mikono 100 amezungusha milioni 1. Faida anayotarajia ni elfu 10. Elfu kumi! Lakini kupanda na kushuka kwa bahati katika mikono hiyo 100 ni kama madau 11 hivi, yaani laki 1 na elfu 10, juu au chini. Maana yake anatafuta elfu 10 huku upepo unamrusha laki nzima huku na huku. Usiku mmoja akitoka na laki 2, sio mfumo, ni upepo. Akipoteza laki 2, vile vile.

Acheze mikono 10,000 basi. Kwa mwendo wa mikono 60 kwa saa ni zaidi ya saa 160, wikiendi nyingi sana. Faida anayotarajia ni milioni 1. Na upepo? Milioni 1 na zaidi kidogo. Baada ya saa zote hizo, mhesabuji asiyekosea bado anaweza kuwa kwenye hasara bila kufanya kosa lolote. Na hapo ni dau lisilobadilika. Mhesabuji anapandisha na kushusha, ndio kazi yenyewe, kwa hiyo upepo wake ni mkali zaidi.

Hii ndio siri ya mtaji. Wanaofanya kazi hii kwa kweli wanaweka akiba ya mamia ya madau, pesa ambayo ikikaa mwaka bila kurudi hakuna mtoto anayekosa ada. Milioni 4 yenye mdomo wa mama na kikoba ndani yake sio akiba. Ni pesa yenye tarehe. Mzigo una tarehe, kodi ya fremu ina tarehe, kikoba kina Jumapili. Pesa yenye tarehe haiwezi kusubiri upepo utulie, hata mfumo uwe wa malaika.

Na tuseme imewezekana, mtaji upo, hesabu ipo, meza nzuri ipo. Mwenye kasino amelala? Mtu anayecheza elfu 5, elfu 5, elfu 5, ghafla laki, anaonekana na kamera kabla hajaonekana na rafiki yake. Mwaka 2014 nyota mmoja mkubwa wa Hollywood aliambiwa na kasino ya Las Vegas asicheze tena 21 pale, kwa sababu walimwona ni mzuri mno. Nyota mzima, pesa anayo, jina analo. Jimbo la New Jersey mahakama iliamua mwaka 1982 kwamba kasino haziwezi kumfukuza mtu kwa kosa la kuhesabu tu, lakini Las Vegas wanafukuza mpaka leo. Na ukitoa kifaa cha kukusaidia kuhesabu, kule Nevada ni jinai tangu 1985. Mwenye kofia yeye anauza na programu ya simu ya kuwekwa mfukoni. Akikamatwa mteja, yeye yuko Ijumaa nyingine anapiga picha.

Watu wa Kariakoo wanaujua mchezo wa karata tatu. Boksi la juisi limegeuzwa, jamaa anarusha karata, wapambe watatu wamezunguka, mmoja anashinda elfu 20 kirahisi mbele ya macho yako. Wewe ukiweka yako, imeondoka. Mgeni wa kutoka mkoani ndiye anayelizwa, mwenyeji anapita pembeni anacheka.

Sasa grupu la WhatsApp lina tofauti gani? Boksi ni simu. Wapambe ni zile picha za skrini, "Asante bosi nimetoka na milioni 3 leo." Na mgeni wa mkoani ni mwenyeji mwenyewe, kijana wa mjini aliyekuwa anacheka. Kwa sababu safari hii karata zimekuja na hesabu, na kijana aliyeachwa na shule akiwa anapenda hesabu anasikia kama ameitwa jina lake. Hapo ndipo panapouma. Anayeingia humo sio mvivu. Mvivu anakanyaga mashine ya dubwi au anasubiri mkeka uchanike. Huyu wa mifumo ni mtu anayekesha, anayefanya mazoezi, mwenye akili ya kushika vitu. Ndiye huyo huyo angeweza kukaa na kumbukumbu za stoo ya mtu, au kusomea uhasibu wa jioni pale pale mjini.

Wapo watakaosema kila biashara ina hasara, hata mzigo unazama baharini. Sawa. Lakini mzigo ukizama, msafirishaji hakwambii ulitakiwa kununua meli nyingine kwake. Biashara ya halali ina kipimo. Ukiuza kava mwezi mzima ukapata hasara, daftari linakuonyesha ulipokosea. Mfumo mmoja wa karata nao una daftari: andika kila kikao, weka dau, weka matokeo, baada ya muda namba zinasema. Mifumo mitano haina daftari. Ukishindwa kwa wa kwanza ulitakiwa kutumia wa pili, ukishindwa kwa wa pili hukuusoma vizuri wa tatu. Mganga wa kienyeji anayekutuma kuku mweupe, kisha mweusi, kisha asiye na mkia, anafanya kazi hiyo hiyo.

Wapo pia watakaosema haya yote hayana maana, kamari ni haramu, tumemaliza. Kwa imani ni sawa kabisa. Lakini neno hilo vijana wanalisikia tangu madrasa na Sunday school, na bado Ijumaa wanashuka Posta. Kuna anayeacha kwa kuogopa moto, na kuna ambaye hataacha mpaka aone namba. Huyo wa namba mkimkemea tu mnamwachia mwenye kofia, maana kwa sasa ndiye peke yake anayemfundisha hesabu.

Na mastaa wetu nao, ambao majina yao yapo kapuni kwa leo, wanaopewa chochote ili wapige picha na yule jamaa na kuandika "mwamba huyu anatoboa", wajue wanafanya kazi ya mpambe wa karata tatu. Tofauti ni kwamba mpambe wa Kariakoo akiona polisi anakimbia. Wao wanaweka na mahali walipo.

Kwa mdau ambaye tayari yuko kwenye grupu, maswali ni matatu, amuulize mwalimu wake hadharani, sio pembeni. Moja: meza anayoifundisha iko wapi, ina pakiti ngapi, inalipa 3 kwa 2 au 6 kwa 5? Mbili: daftari lake la mwaka mzima liko wapi, la vikao vyote, na siku za kupoteza zimo? Tatu: mwaka jana aliingiza zaidi kutoka kasino, au kutoka kwa wanafunzi wake?

Akijibu la tatu kwa ukweli, hutahitaji mfumo wa sita. Na akikutoa kwenye grupu kabla hajajibu, hesabu hiyo kama faida yako ya kwanza mwaka huu.

Wadau, mnasemaje?